Mama Aliyetukagulia Mabegi

Wacha nianze na aibu yenyewe, ndiyo usiendelee kusoma ukidhani mimi ni mtu mzuri. Kwa mwaka mmoja na miezi minane mtaa ulikuwa unasema huyu mama amezeeka, kazi imemshinda, aliachia dawa ikapita kwa begi ya msichana wa watu, msichana akashikwa eapoti ya ugenini. Na mwenye aliweka hiyo dawa ni mimi. Niliishona ndani ya bitana na mashine yangu mwenyewe, nikipiga mluzi. Halafu nikanyamaza. Na sikunyamaza mara moja nikasahau. Nilinyamaza kila siku upya, kama mtu anayepiga mswaki.

Mimi ni fundi wa zipu hapa mtaa wa Umoja, hata jina wananiita Zipu. Zipu za begi, za jaketi, za suruali za wazee wenye wamenenepa na hawataki kukubali. Shule niliachia fom tu, kidato cha pili. Nikiulizwa nasema ilikuwa karo, lakini ukweli hesabu na mimi tulikuwa tumeachana kitambo, karo ilikuja tu kutia sahihi. Nasema hivi ujue hii picha imechorwa na mkono wa aina gani. Mahali mshono umepinda, ni mimi.

Tulimwita Kastom, yaani forodha. Jina lake halisi liko kwa kitambulisho na kwa kitabu cha kanisa, liache huko. Alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, hayo pia siyagusi, maana hakuna mtu aliwahi kupanda ile ngazi yake kwa sababu ya babake. Watu walimwendea kwa sababu alikuwa amefanya kazi za nyumba Uarabuni miaka mingi, nchi mbili tofauti, akarudi kwa miguu yake mwenyewe, na alikuwa anajua mtu wa forodha wa huko anatafuta nini kwa begi ya mgeni.

Jumamosi saa nane mchana mlango wake unafunguliwa. Wanakuja wasichana wa kazi za nyumba, wanakuja wavulana wa udereva na ulinzi, kila mmoja anaburuta begi ya magurudumu kwa ngazi, tag tag tag, hadi mimi nikiwa chini na mashine yangu nahesabu wasafiri wa leo kwa masikio. Wengine ni wa hapa hapa. Wengine wameshuka Muthurwa asubuhi kutoka Kakamega ama Kitui na vumbi bado iko kwa nyusi. Anatandika leso kwa sakafu, anasema, "Mwaga."

Hakuwa anasema fungua. Mwaga.

Ukishamwaga, anasimama upande ule mwingine wa leso na anabadilisha uso. Uso wake wa kawaida ulikuwa wa mama wa kwaya, mashavu mawili yenye huwezi kuyaogopa. Uso wa kazi ulikuwa kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Anaokota kitu kimoja kimoja na anauliza maswali yake matatu: hii ni nini, ni ya nani, nani alipanga hii begi. Ukijibu ukiangalia chini, anarudia. Ukijibu kwa maelezo mengi, anarudia. Kuna msichana aliangua kilio kwa hilo swali la tatu, akasema begi ilipangwa na mamake, na mamake alikuwa amefariki wiki hiyo. Kastom akampa maji, akakaa naye chini kwa leso, wakakaa tu. Alipomaliza kulia akamwambia panga sasa wewe mwenyewe, kitu kwa kitu, ndiyo ukiulizwa ujue. Wakaanza upya.

Vitu nilivyoona kwa hiyo sakafu, we acha. Kuna jamaa alikuja na mafuta ya upako ya mchungaji wake, na mchungaji alikuwa ameyatia kwa chupa ya pombe kali, lebo bado iko, na mnyama wake amesimama wima. Kastom aliinua hiyo chupa kwa vidole viwili. Jamaa akaapa ni mafuta matakatifu. Kastom akamwambia yeye anaamini, na Mungu anaamini, lakini yule kijana wa forodha anajua kusoma lebo. Kuna mama wa kutoka magharibi kama sisi alikuwa amefunga magadi ya kupikia mboga kwa karatasi ya nailoni, poda nyeupe imefungwa fundo kali. Kastom akaiweka mbele yake bila kusema kitu, akamwacha aiangalie. Huyo mama alipoelewa, alicheka hadi akashika ukuta, halafu akaacha kucheka.

"Wewe unaona mboga," Kastom akamwambia. "Yeye anaona jela."

Pombe hapana. Nguruwe hapana, hata kama ni kasoseji kamoja ka njaa ya ndege. Miraa na muguka usiulize, hata jani moja lenye limebaki kwa mfuko wa jaketi, na alikuwa anapindua kila mfuko nje hadi mshono uonekane. Hirizi ya nyanya inabaki kwa nyanya. Biblia yako moja ya kusoma, yeye alipita nayo miaka yote na hakuna mtu alimsumbua, lakini kuna kijana wa injili alikuja na vijikaratasi vya kuhubiri mia na ushee, na Kastom, mwenyewe mama wa kanisa, akaviweka vyote juu ya kabati. Kijana akakasirika, akamuuliza anaona aibu na Yesu. Akamjibu kwamba wewe ukiingia kwa nyumba ya mtu unavua viatu, huanzi kwa kukagua kama sakafu yake ni safi. Na kila Jumamosi alikuwa anakumbusha watu kwamba sheria zinabadilika, yeye anajua za wakati wake, waulize ubalozi, wasome karatasi za viza. Hakuna mtu aliuliza ubalozi. Tulikuwa na Kastom.

Lakini dawa ndiyo ilikuwa inamfanya apandishe sauti. Unajua sisi hapa venye tunanunua dawa. Unaenda kemisti ya mtaa, unashika tumbo, unapewa tembe saba kwa kabahasha ka kaki, juu kameandikwa moja mara tatu, na hiyo ndiyo daktari, ndiyo cheti, ndiyo kila kitu. Kwa kila begi kulikuwa na kabahasha. Na kuna dawa za maumivu zenye hapa tunameza kama njugu na huko zinahesabiwa kama za kulevya. Kwa hivyo sheria yake ilikuwa dawa iende kwa boksi lake, na barua ya daktari yenye jina lako, ama ibaki. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa vibahasha vya watu. Nilimwambia siku moja afungue hospitali. Akaniambia nimalize fom tu kwanza.

Ndiyo, alikuwa na mdomo. Watu wakifa wanapewa mdomo mtamu, na huyu hajafa, kwa hivyo naandika ukweli. Alikuwa mkali, alikuwa anakunja sura kwa wasichana wenye nywele za bei, alikuwa anasema Wakamba wenzake pekee ndio wanajua kupanga begi. Kuna ajenti wa kupeleka watu kazi Uarabuni alipanda juu siku moja, tai na viatu vya ncha, kumwambia aache kutisha wateja wake. Sisi wote tukatoa vichwa kwa milango. Kastom akamkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, halafu akamwomba amwage ule mkoba wake kwa leso, mchezo tu. Sijui nini ilimfanya huyo mwanaume akubali. Nafikiri ni uso. Ilitoka soseji nusu kwa karatasi, kiberiti cha gesi, na vibahasha vya dawa viwili. Ajenti akashuka ngazi bila kutuaga. Baadaye alikuwa anawatuma wasichana wake kwa Kastom yeye mwenyewe.

Na bado yeye, mwenye alikuwa anamwaga mabegi ya dunia nzima, mkoba wake hakuna mtu aliwahi kuugusa. Unajua hapa ukitaka kuingia supamaketi lazima askari achungulie begi. Yeye hakuwa anaingia. Nilienda naye mara moja kununua sufuria, askari akasema mama fungua kidogo, kwa heshima tu, kijana mpole. Kastom akageuka hapo mlangoni akarudi nyumbani. Sufuria alinunua kwa barabara, mbovu, yenye mpini ulitoka wiki hiyo hiyo. Nikamcheka. Hakucheka.

Ni siku nyingi baadaye aliniambia kwa nini, na aliniambia kwa sababu nilikuwa nimeinama natafuta sindano, hakuwa anaona macho yangu. Mara ya kwanza alipofika huko, mamake alikuwa amempa chupa ya asali na masega yake ndani, haina lebo, imezibwa na gunzi la mahindi. Mama wa forodha akaifungua, akanusa, akauliza. Kastom wakati huo hakuwa na Kiarabu, na Kiingereza chake kilijificha. Akaonyesha mdomo, akaonyesha mti, akapiga mabawa na mikono. Watu kwa laini wakacheka. Asali ikaenda kwa pipa. Kisha kalamu ikainua nguo zake za ndani moja moja mbele ya hao hao watu. Akaniambia yule mama aliitupa ile chupa polepole, haikuwa kwa hasira, na akamwambia pole. Hiyo pole ndiyo ilimfanya asimchukie. Lakini mkoba wake aliufunga siku hiyo.

Akiwa kanisani anaimba sauti ya pili hadi madirisha yanajua. Mwezi wa Ramadhani hali mchana mbele ya mtu. Wenzake wa kanisa walinong'ona, wakamuuliza kama alisilimu huko. Akasema hapana, alikuwa anajizuia kwa heshima ya nyumba ya watu miaka hiyo yote, na tumbo lake halijaambiwa kwamba wamerudi. Alikuwa anafundisha wasichana kusema ukweli kwa kila swali la forodha, na huyo huyo kwa miaka mingi alikuwa anapiga simu nyumbani akiwa amefungiwa stoo, anaambia mamake leo tumekula kuku. Nilimuuliza hizo si ni sheria mbili tofauti. Akasema kwa forodha ukidanganya unaumia wewe. Kwa mama ukisema ukweli anaumia yeye. Halafu akaniuliza kama zipu yake iko tayari ama nimeajiriwa kama mwandishi wa habari.

Ukimaliza kukaguliwa anakupa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Hakuwa anachukua kitu kwa hiyo kazi. Unakula hapo kwa leso, begi imefungwa kando yako, na ni kama tayari umefika na hakuna kitu kibaya kimetokea. Nafikiri hicho ndicho watu walikuwa wanafuata.

Sasa Nekesa. Nekesa ni dada yangu, mdogo wangu kwa miaka sita, mwenye akili ya nyumba yetu. Alipata kazi ya kulea mtoto kwa hizo nchi. Jumamosi yake Kastom alimkagua kama wengine, hata zaidi, kwa sababu ya mimi. Akatoa kabahasha ka dawa za tumbo. Nekesa kila mwezi akifika zile siku zake anaumwa hadi anatapika, anakunjika kama kisu cha mfukoni, na sisi nyumbani tumezoea kumwona hivyo bila kuzoea. Kastom akamwambia aende kliniki apate barua. Ndege ilikuwa Jumatatu. Kliniki gani.

Nekesa akasema ataenda hivyo hivyo, atavumilia. Akaniachia begi, maana zipu moja ilikuwa inashika, nimalize Jumapili.

Nilikaa na hiyo begi na nikamfikiria dada yangu amekunjika kwa sakafu ya watu, hajui kuomba dawa kwa lugha yao. Nikaenda kemisti. Nikaomba zile kali. Nikapewa kwa kabahasha ka kaki. Nikafungua bitana ya begi pale chini karibu na magurudumu, nikakaweka, nikashona, na nitakwambia kitu cha kuchekesha: ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Huwezi kuona. Nilipanga nitamtumia meseji akishafika, nimwambie angalia chini ya begi, kuna zawadi. Niliona ni utani mtamu. Sikumwambia mapema kwa sababu angeniambia nitoe.

Yaani ningeziacha juu ya nguo tu, pengine wangezichukua wakazitupa, kama asali. Lakini kitu chenye kimeshonwa ndani ya begi hakiitwi dawa ya tumbo tena.

Mashine yao iliona. Nekesa alinisimulia aliporudi. Kijana wa forodha alikuwa mpole, akamletea kiti. Akakata bitana na kisu kidogo, akaweka kabahasha mezani, akamuuliza hii ni nini. Akasema sijui. Ni ya nani. Sijui. Nani alipanga hii begi. Ni mimi, akasema, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyokuwa. Wakaangaliana. Angejua angesema ni za tumbo, akainama, akalia, pengine angeeleweka. Lakini alisema hajui kwa sababu hakujua, na hakuna mtu duniani ana sura ya mwongo kama mtu asiyejua.

Walimshika wiki tatu kasoro. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Akarudishwa na ndege, amekonda, na kwa hizo wiki tatu zile siku zake zilimfikia huko ndani, bila dawa. Nilimwambia siku hiyo hiyo aliporudi. Alinipiga kofi moja, la kweli, halafu akakaa chini akaniambia, "Enda umwambie Kastom. Saa hii." Nikasema kesho.

Kesho yake asubuhi Kastom akashuka mwenyewe. Wanawake walikuwa wanaanika nguo, mama yetu akiwa hapo, na maneno tayari yalikuwa yanazunguka kwamba kama ni kukagua mbona hakuona. Akasimama katikati ya kamba za nguo na sweta yake ya kijivu. Akamwambia mama yetu mbele ya watu, "Begi niliikagua mimi. Bitana niliipitisha mkono mimi. Kama ilikuwa ndani, ni mimi sikuiona. Nisamehe."

Mimi nilikuwa kwa mashine, hatua kumi. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio. Nikashona.

Jumamosi iliyofuata mlango haukufunguliwa. Wala nyingine. Wasafiri walikuwa wanafika chini na mabegi, wanaambiwa huyo mama siku hizi hafanyi, aliharibu. Wengine walisema aliharibu kwa uzee, wengine walisema hata pengine alikuwa anajua. Mimi wateja waliniuliza, si wewe ni jirani, nini ilitokea? Nikafanya mzaha. Nikasema hata mimi zipu yangu sijui kama imefungwa. Wakacheka. Nekesa alikuwa ananiangalia tu. Siku hizi anashona kwa kiwanda cha nguo, anakuja Jumapili, na kila Jumapili alikuwa ananiuliza swali moja, kama nimemwambia Kastom, nami nasema kesho. Mwishowe aliacha kuuliza. Hapo ndipo niliogopa kabisa.

Nilijaribu kulipa kwa njia za pembeni. Nilimpelekea Kastom sukuma wiki, nikamshonea pazia, nikambadilishia zipu za nguo zote kwa nyumba hadi zenye zilikuwa nzima. Alikuwa anashukuru kwa sauti ndogo. Nikaona amebadilika. Alikuwa anafunga mlango, anashuka ngazi mbili, anarudi kuusukuma aone kama umefungika. Alibandika vikaratasi kwa ukuta wa jikoni: zima jiko, chumvi tayari, kunywa dawa ya presha. Nikajiambia ni umri. Unaona venye mtu anajua kujiambia.

Mwezi uliopita binti yake Kastom akaja kunitafuta. Ni mwalimu huko Makueni, ameolewa, mtu wa maneno machache. Akasema mama hayuko sawa, wanampeleka nyumbani, akae karibu na watu. Nyumba wameshairudisha kwa mwenyewe, kuna mtu anaingia mwisho wa mwezi. Begi yake moja zipu imekufa. Kama naweza kupanda na vifaa, maana mama hataki itoke nje ya nyumba.

Nikapanda. Ilikuwa mchana, dirisha wazi, nyumba imebaki kuta. Ile begi ilikuwa katikati ya sakafu, ile aliyorudi nayo Uarabuni. Yeye alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki na karatasi kwa magoti, anaandika kila kitu anachoweka. Blanketi, anaandika. Anaweka. Halafu anaitoa, anaangalia karatasi, anairudisha. Nikapiga magoti nikaanza kutoa zipu mbovu. Akaniuliza, "Zipu, sweta nimeweka?"

Sweta alikuwa ameivaa.

Nikasema, "Mama, ile dawa ya Nekesa niliweka mimi."

Aliendelea kukunja leso. Akaikunja hadi ikawa ndogo kabisa, haikunjiki tena.

"Uliweka lini?"

"Jumapili. Begi ilikuwa kwangu ya zipu. Wewe ulikuwa umemaliza."

"Nilikuwa nimemaliza."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo Jumamosi haikuwa ndani."

"Haikuwa."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemwandikia matusi kichwani, mazuri, ya Kikamba na ya Kiswahili. Hakutumia hata moja. Alishika magoti yake mawili kama mtu ameambiwa gari linaanza kuondoka.

"Mama yangu kusahau kulimwanza hivyo," akasema. "Alianza na chumvi. Akamaliza ananiita dada, ananiuliza mimi ni mgeni wa nani. Vile walisema dawa ilikuwa kwa begi, na mimi nakumbuka nilipitisha mkono hapo, nakumbuka kabisa, nikajua imenifikia. Kwamba nakumbuka vitu vyenye sikufanya."

Nikasema pole. Ni neno dogo, ukilitoa unaona venye ni dogo.

"Mjukuu wangu nimekataa kumbeba," akasema. "Ananiletea mtoto, mimi nasema mgongo. Mgongo hauniumi, Zipu. Naogopa nitamweka mahali nisahau. Sasa anatembea. Hajawahi kulala kwa mikono yangu."

Mdomo wangu una ugonjwa wake, ukiona machozi unatafuta kichekesho. Nikausikia ukianza kufunguka.

"Usianze," akasema.

"Sianzi, mama."

"Kwa nini haukusema siku ile, kwa kamba za nguo?"

"Niliogopa watasema ni mimi."

"Lakini ni wewe."

"Ni mimi."

Akageukia dirisha. Nje mtoto wa jirani alikuwa anahesabu ngazi. Halafu akaniambia, "Maliza hiyo zipu."

Nilimaliza. Nilijichoma mara mbili, lakini nilimaliza. Akaivuta begi kwake, akaimwaga yote upya kwa leso, na akaweka ule uso wa kazi. Nilikuwa sijauona tangu Nekesa. Akapitisha mkono kwa bitana, pembe zote nne, chini karibu na magurudumu, polepole, akirudia. Ilichukua muda. Mimi nilibaki hapo magotini kwa sababu hakuniambia nisimame. Alipotosheka akaitafuta ile karatasi yenye alikuwa ameandika vitu, akairarua mara mbili, akapanga begi yote bila kuangalia mahali popote, akaifunga.

"Enda sasa," akasema. "Na ufunge mlango. Mimi sitaurudia."

Chini nilimkuta binti yake, nikamwambia yeye pia. Alinisikiliza, akaangalia juu kwa dirisha, akaniambia nyumba wameshairudisha, na gari la kuwabeba linakuja alfajiri. Kisha akapanda juu. Asubuhi walikuwa wameenda.

Jumamosi hiyo nilisimama kwa kamba za nguo. Nikawaambia wanawake wote ukweli, nikataja kemisti, bitana, Jumapili, nikataja kanyagio. Wakacheka. Mama mmoja akanipiga bega akasema wewe Zipu na mizaha yako utatuua. Nikarudia, wakacheka zaidi. Mama yangu peke yake hakucheka. Aliinua beseni lake akaingia ndani.

Nina rafiki Kiamaiko, anaitwa Guyo, anachoma na kukwangua vichwa vya mbuzi vya supu. Yeye ni Mwislamu, mtu wa swala zake, na Nekesa alipokuwa ameshikwa ndiye alitutafutia mtu wa kutusomea zile karatasi za Kiarabu. Hakuwa anajua dawa niliweka mimi. Nilienda nikamsimulia yote nikiwa nimekaa kwa gunia lake, toka mwanzo, na nilikuwa natarajia aniambie nia yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nataka mtu mmoja aniambie hivyo.

Alisikiliza akikwangua. Alipofika kwa sikio la mbuzi akaweka wembe chini, akapangusa mikono kwa aproni.

"Umemrudishia akili yake," akasema. "Hiyo ni kitu. Lakini ungemrudishia mapema, angembeba huyo mtoto akiwa bado anabebeka."